Saini Yako na Sahani ya Mtoto

Masomo ya kutafakari: Mdo 6:1-7, Yn 6:1-15, 2 Kor 8:18-21, Mt 5:13



Naandika tafakari hii nikiwa huku Raskazone, jioni, upepo wa bahari ukigombana na karatasi zangu. Mbele yangu Kisiwa cha Toten kimetulia, meli moja inasubiri zamu yake ya kuingia bandarini, na vijana wanarudi kuogelea huku wakicheka. Ni mahali pazuri mno. Ni rahisi kukaa hapa ukasahau kwamba safari ya daladala ya kama saa moja tu, kule upande wa Muheza, kuna mtoto wa darasa la tatu aliyetoka nyumbani alfajiri bila kitu tumboni, na sasa hivi ndiyo kwanza anafika kwao kutafuta chakula chake cha kwanza.

Leo sitaki tuongelee huruma. Huruma tunayo, na wala haitusumbui kuitoa. Nataka tuongelee jambo ambalo vijana wengi hatulipendi: kukaa kwenye kamati. Ndiyo, kamati! Vikao, mihtasari, daftari la stoo, saini. Kazi isiyopigwa picha, isiyolipwa, ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayekuona, na ukiifanya vibaya mtoto analala njaa. Nimejifunza kwa aibu kwamba hata huko Mungu yupo, tena anatusubiri.

Andrea alifanya nini hasa?

Tuanze na Injili ya Yohane sura ya 6, ile inayosomwa Dominika ya 17 ya Mwaka B. Sote tunaijua: umati mkubwa, mikate mitano ya shayiri, samaki wawili, watu wanakula na kushiba. Lakini rudi uisome polepole, uangalie nani anafanya nini.

Filipo anapiga hesabu. Anataja dinari mia mbili na kuonyesha kwamba hata hizo hazitoshi. Tusimlaumu Filipo, kwani kila kamati inahitaji mtu wa hesabu. Shida yake ni kwamba hesabu yake inaishia kwenye kile kisichopo.

Andrea yeye hana hela wala mkate. Anachofanya ni kimoja tu: amemwona kijana mdogo mwenye chakula, na anamsogeza kwa Yesu. Basi. Na hata hivyo anatia shaka, anauliza kitu kidogo hivi kitawafaa nini watu wote wale.

Kijana mwenzangu, hiyo ndiyo kazi yenyewe ya wanaojitolea kuunganisha mashamba na shule. Hawalimi wao. Hawapiki wao. Wanamjua mwenye mahindi, wanaijua shule yenye njaa, na wanasimama katikati ili huyu amfikie yule. Mkulima wa Muheza ana mahindi, ana machungwa yanayooza chini ya mti msimu ukifika, na mnunuzi anayemjia ni mlanguzi mwenye gunia la lumbesa, limejazwa likashonewa na kilemba juu. Nabii Amosi aliwakemea watu wa namna hiyo zamani sana, wale wanaochezea vipimo ili kumnyonya maskini (Amo 8:4-6). Na hatua chache kutoka shamba hilo kuna shule yenye watoto mia nne na sufuria tupu. Mwenye chakula hana soko, na mwenye njaa hana chakula, nao ni majirani! Anakosekana Andrea tu.

Kidogo kuhusu sufuria yenyewe

Tusiongee hewani. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hapa Tanzania hazidai ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini chakula cha mchana, hasa katika shule za kutwa za vijijini, kwa sehemu kubwa kinategemea michango ya wazazi na wadau. Mzazi aliyevuna anatoa debe la mahindi na kilo chache za maharage. Ambaye mvua ilimtupa, anatoa nini?

Sasa piga hesabu kama Filipo. Ukimpangia mtoto gramu 150 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa makande ya mchana, watoto 400 wanahitaji kilo 60 za mahindi na kilo 16 za maharage kila siku ya shule. Gunia la kilo 100 haliishi siku mbili. Kwa wiki ni magunia matatu ya mahindi. Haiwezekani kuendesha jambo hili kwa msukumo wa siku moja ya Kwaresima. Linahitaji watu wanaokaa chini, wanapanga, wanafuatilia, wanarudi tena mwezi ujao.

Na linawezekana. Mwaka 2002 Mkatoliki mmoja wa Scotland, Magnus MacFarlane-Barrow, alikuwa Malawi wakati wa njaa. Alikutana na mama aliyekuwa akifa na kuacha watoto sita. Alipomuuliza kijana mkubwa wa mama yule anatamani nini maishani, jibu lilikuwa fupi: apate chakula cha kutosha, na siku moja aende shule. Kutokana na jibu hilo kukazaliwa shirika la Mary's Meals, lililopewa jina la Mama Bikira Maria, aliyemlea mwanae katika umaskini. Walianza na watoto 200 hivi huko Malawi. Leo wanalisha watoto zaidi ya milioni mbili kila siku ya shule, katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Na nani anakoroga uji? Wazazi wenyewe wa vijijini, maelfu kwa maelfu, kwa zamu, wakijitolea.

Jirani zetu wa Kenya nao walianza mwaka 2009 mpango wa kulisha shule kwa mazao ya ndani ya nchi, ili hela ya chakula cha mtoto iingie pia mfukoni mwa mkulima. Na sisi hapa tusisahau kwamba Mwalimu Nyerere, ambaye Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alitaka shule na shamba visitengane. Kwa hiyo hatubuni kitu kigeni. Tunaokota jembe lililolazwa na wazee wetu.

Sasa aibu yangu

Niliahidi kusema ukweli, basi niuseme.

Nimo katika kikundi kidogo cha kujitolea kinachonunua mahindi na maharage ya wakulima wadogo na kuyapeleka kwenye shule chache za msingi. Kamati yetu ilikuwa na watu saba, wote wa mjini. Wasomi, watu wa sala, tulikutana Jumamosi mchana kwenye ukumbi, tukaanza na Roho Mtakatifu na kumaliza na soda na sambusa. Mimi nilikuwa mtu wa mapokezi: mzigo wa mkulima ukifika naukagua, nasaini, mkulima analipwa.

Mwaka mmoja mvua zilichelewa kukatika. Wakulima walivuna huku wingu limetanda. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa na magunia manane. Huyu mjomba si wa jina tu. Baba alipofariki ndiye aliyenisomesha sekondari. Alinipigia simu usiku:

"Mjomba, nina deni la matibabu ya shangazi yako. Nisaidie mzigo huu upite wiki hii."

"Umekauka, mjomba?"

"Umekauka, umekauka. Wewe unanijua."

Ndiyo, namjua. Na kwa sababu namjua, sikufungua hata gunia moja. Nilisaini nikiwa nimekaa juu ya pikipiki, karatasi imelala kwenye tangi la mafuta. Mjomba akalipwa. Mahindi yakaenda shule. Nikarudi nyumbani nikijiona nimetenda matendo mawili ya huruma kwa mkupuo mmoja.

Siku ya tatu mwalimu mkuu akanipigia: "Njoo. Mpishi amegoma."

Mpishi wa shule ile ni bibi wa makamo, Mwislamu mcha Mungu, amepikia watoto wa kijiji kile miaka mingi, wetu na wao bila kuwabagua. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, moto haujawashwa. Nikamwamkia: "Shikamoo, bibi." Akaitika marahaba, kisha akanishika mkono, akauchovya ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko.

"Unasikia nini?"

Ndani mlikuwa na joto. Mahindi mabichi yakifungiwa kwenye gunia hufukuta, yanapata joto kama kitu kinachoumwa homa.

Hakuishia hapo. Alikuwa na chupa ya soda ya kioo, safi na kavu kabisa. Akatia mahindi kama theluthi ya chupa, akatia vijiko vya chumvi kavu, akaziba, akatikisa kwa muda mrefu, akaiweka juu ya meza tungoje kidogo. Mahindi yaliyokauka, chumvi inarudi chini yote. Yenye unyevu, chumvi inang'ang'ania kwenye kioo. Chupa ile ilikuwa nyeupe kuta zote kama imepakwa chokaa.

Tukafungua magunia yote. Mawili yalikuwa na kuvu wa kijani hadi katikati.

Mnajua maana yake. Kuvu wa namna hiyo huweza kutoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, watoto wakiwa miongoni mwao. Si hadithi za kutishana.

Nikajaribu kujitetea. Nikasema: "Bibi, mengine si ni unyevu kidogo tu? Tuyaanike, tuchambue." Akanitazama bila hasira, akasema maneno ambayo sijaweza kuyasahau:

"Mwanangu, wewe utaulizwa na kamati. Mimi nitaulizwa na Mungu."

Jamani! Mimi niliyesaini baada ya kusali Njoo Roho Mtakatifu, nimefundishwa hofu ya Mungu na mpishi ambaye hata kwenye kikao chetu hakuwahi kualikwa.

Magunia manane ni kilo 800. Kwa hesabu ya juu pale, ni chakula cha siku kumi na tatu cha watoto 400. Hatukuyaanika wala kuyachambua, na hatukumpa ng'ombe pia, maana sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Tulichimba shimo tukayafukia. Hela ya kununua mengine haikuwepo. Watoto walikaa wiki mbili na nusu bila makande. Nilirudi pale siku moja saa saba mchana, nikaona wengine wamelala juu ya madawati. Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba njaa ile ilikuwa na saini yangu.

Waliolalamika wakapewa upawa

Wiki ile ndipo niliposoma Matendo ya Mitume sura ya 6 kama vile sijawahi kuisikia, ingawa inasomwa Dominika ya 5 ya Pasaka, Mwaka A, na nimeisikia mara nyingi.

Kanisa bado changa kabisa, na ugomvi wake wa kwanza wa ndani unaoelezwa kwa kirefu ni wa chakula. Wajane wa upande wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Hakuna anayesema mitume waliiba. Walizidiwa tu, hawakuwa wanaona kila meza. Lakini mjane asiyepata chakula kwa uzembe na mjane asiyepata kwa wizi wote wanalala njaa ileile.

Mitume hawakusema "watu wavumilie, tuwaombee." Waliitisha jumuiya wakataka wachaguliwe watu saba. Sifa zilizotakiwa ni tatu: wawe wanashuhudiwa vizuri na watu, wawe wamejaa Roho, na wawe na hekima. Tazama, hata kwa kugawa chakula! Sisi tunadhani Roho Mtakatifu ni wa mimbari na kwaya, na kwamba stoo inamtosha mtu yeyote mwenye nafasi. Mitume walimtaka mtu aliyejaa Roho ashike upawa.

Kisha soma majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kigiriki. Maana yake, inaonekana kazi walikabidhiwa watu wa upande uleule uliokuwa unalalamika. Aliyejua uchungu wa kusahauliwa ndiye aliyepewa kusimamia ili asisahauliwe mtu. Na wote saba waliwekewa mikono na kuombewa.

Nikaitazama kamati yetu. Watu saba, sawasawa na wale! Lakini hapakuwa na mkulima hata mmoja. Hapakuwa na mzazi wa mtoto wa shule zile. Hapakuwa na mpishi. Tulikuwa na watu waliosoma taarifa za njaa, hatukuwa na aliyeingiza mkono ndani ya gunia.

Chumvi yenye unyevu

Yesu alitufananisha na chumvi (Mt 5:13). Mahubiri mengi hutuambia kwamba chumvi inakoleza na inahifadhi, ni kweli. Bibi yule alinionyesha kazi nyingine ya chumvi: inafichua. Inatikiswa pamoja na mahindi gizani ndani ya chupa, na inatoka na ukweli ambao mwenye mahindi hakutaka kuusema.

Lakini kuna sharti. Chumvi yenyewe lazima iwe kavu. Ukitia chumvi iliyolowa, itanata kwenye kioo hata kama mahindi ni makavu, na hutajua lolote. Hapo ndipo niliposhikwa. Mimi nilikuwa chumvi yenye unyevu. Shukrani yangu kwa mjomba, ambayo ni kitu kizuri, niliiacha iingie mahali isipotakiwa kuingia. Nililipa deni langu kwake kwa kutumia sahani za watoto wa wenzangu. Deni la fadhila unalilipa kwa jasho lako mwenyewe. Ukilipa kwa mali uliyokabidhiwa, hiyo si fadhila tena, ni wizi uliovaa kanzu.

Angalia Mtakatifu Paulo alivyofanya. Alikusanya mchango mkubwa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Paulo, mtume! Nani angemshuku? Hata hivyo hakukubali uende na mtu mmoja. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, na akaeleza wazi kwamba hataki mtu apate sababu ya kuwalaumu. Anataka mambo yawe safi mbele ya Bwana na mbele ya watu pia (2 Kor 8:18-21). Kama Paulo alihitaji wenzake wa kumtazama, wewe na mimi ni nani tuseme "mniamini tu"?

Kurudi

Nilienda Kitubio. Padre alinisikiliza, akaniondolea dhambi kwa huduma ya Kanisa, kisha akaniambia nisimfiche mtu niliyemkosea. Kwa hiyo kikao kilichofuata nilisimama, nikasema yote: simu ya usiku, pikipiki, saini. Nikaomba nijiuzulu.

Wenzangu walikaa kimya muda mrefu. Halafu dada mmoja akasema: "Ukiondoka umetuachia hasara na somo umelibeba wewe. Kaa." Nikakaa. Gharama ya yale magunia nikaibeba mimi, nililipa kidogokidogo kwa miezi kumi na moja. Na tukabadilisha mambo, ambayo nayaandika hapa labda yatamsaidia mwenye kikundi kama chetu.

Kwanza, tulimwalika bibi mpishi kwenye kamati, pamoja na wakulima wawili na mzazi mmoja. Vikao tukavihamishia kijijini, chini ya mwembe wa shule. Sambusa zimepungua, akili imeongezeka.

Pili, mzigo wa ndugu yako huukagui wewe. Unasema mbele ya wote "huyu ni mjomba wangu", unakaa pembeni, mwingine anakagua. Kusema hivyo kunamlinda hata ndugu yako, maana mahindi yake yakipita, yamepita kwa haki na hakuna wa kunong'ona.

Tatu, saini ni mbili, na chupa ya chumvi inatikiswa mbele ya mkulima mwenyewe. Mahindi yakiwa hayajakauka hatumfukuzi. Tunamwazima turubai aanike, asiyaanike chini mavumbini, kisha arudi. Kupima bila kumsaidia mtu ni kumhukumu tu.

Nne, tunanunua kwa mizani, kilo kwa kilo. Lumbesa hapana.

Tano, kila mwisho wa muhula hesabu zinasomwa kwa sauti mbele ya wazazi: kilichoingia, kilichopikwa, kilichobaki. Mnakumbuka baada ya umati kushiba Yesu aliagiza nini? Vipande vilivyobaki vikusanywe, kisipotee kitu. Vikajaa vikapu kumi na viwili, na Mwinjili anatupa idadi. Aliyetoka kuzidisha mikate kwa muujiza bado alitaka mabaki yahesabiwe. Basi tusiseme kwamba daftari la stoo ni mambo ya kidunia.

Na mjomba? Nilimfuata mwenyewe, nikamweleza uso kwa uso kwamba mahindi tumeyafukia. Aliumia. Aliniambia: "Nilikulea ili univue nguo mbele za watu?" Sikuwa na jibu zaidi ya machozi. Miezi mingi hakupokea simu zangu. Nilimtumia shangazi hela ya dawa kutoka mfukoni mwangu, kile ambacho ningefanya tangu mwanzo kama ningekuwa mwanaume. Hakusema asante wala hapana.

Msimu uliofuata alikuja kwenye mapokezi na magunia matano. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alimpita kila mtu, akaenda hadi kwa bibi mpishi, akaweka mezani chupa ya kioo ambayo kuta zake zilikuwa safi, chumvi yote imetua chini. Akasema: "Nimeshatikisa nyumbani. Tikiseni na nyinyi." Nilikaa pembeni, kwa kuwa ni mjomba wangu. Wakatikisa. Yakapita.

Wewe je?

Kijana mwenzangu, labda hauko kwenye kikundi cha mashamba na shule. Lakini kuna mahali umekabidhiwa kalamu. Uko VIWAWA na unatunza michango ya safari ya hija. Ni katibu wa jumuiya ndogondogo. Ni mweka hazina wa kwaya na hela ya sare iko kwenye simu yako. Upande wa pili wa karatasi unayosaini kuna mtu, na mara nyingi ni mdogo, na mara nyingi humfahamu.

Kanisa kuu la jimbo letu la Tanga linamtaja Mtakatifu Antoni wa Padua, na Wakatoliki duniani kote wana desturi iitwayo mkate wa Mtakatifu Antoni, sadaka ya chakula kwa maskini. Tunamkimbilia sana tukipoteza vitu: funguo, simu, kitambulisho. Leo naomba tumkimbilie kwa kitu kikubwa zaidi, uaminifu tulioupoteza katika mambo madogo.

Tena usiogope kuingia kwenye kazi hizi kwa sababu ya kisa changu. Usiseme "mimi nisije nikaharibu, bora nikae." Shule zile bado zina watoto, na mashamba yale bado yana mahindi. Anayekaa nyumbani hana saini mbaya, ni kweli, lakini sahani ya mtoto haijazwi na mikono iliyo safi kwa sababu haijawahi kushika kitu. Tunapopokea Ekaristi tunapokea Mkate ambao ulikuwa ngano, ukalimwa na mtu, ukasagwa na mtu, ukaletwa altareni na mtu. Bwana amekubali kupitia mikono yetu. Basi tuikaushe mikono.

Maswali ya kutafakari wiki hii

1. Katika kikundi ninachotumikia, nani anaumia uamuzi ukikosewa, na je, yupo kwenye kikao?
2. Ni saini gani niliweka bila kuangalia? Naweza kwenda kuirekebisha kwa nani?
3. Kuna deni la fadhila ninalolilipa kwa mali isiyo yangu?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyemtazama kijana mwenye mikate mitano na hukumdharau, tunakukabidhi wakulima wetu, wapishi wa shule zetu na watoto wanaosoma wakiwa na njaa. Uwape wanaosimamia chakula cha wengine macho ya kuona, mikono ya kugusa na ulimi usioficha. Utukaushe unyevu wa upendeleo na hofu, ili tuwe chumvi inayosema kweli. Na pale tulipoharibu, utupe ujasiri wa kurudi, kukiri na kulipa. Unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.

Mama Bikira Maria, utuombee.
Mtakatifu Stefano shemasi, utuombee.
Mtakatifu Antoni wa Padua, utuombee.

Nawatakia wiki njema. Jumamosi tukutane kwenye masifu ya jioni, na ukija, mlete na rafiki yako yule anayesema kamati zinachosha!